Uji chini ya mpapai

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Nilitoka uani kuchota maji nikamkuta Mama Mkubwa ameinama kwenye shina la mpapai, bakuli mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia, anaumwaga uji polepole asije akasikika. Alipomaliza alisuuza bakuli, akayamwaga yale maji palepale, kisha akaenda kuliweka kwenye beseni la vyombo vichafu, juu kabisa, mahali ambapo nisingekosa kuliona.

Uji huo nilikuwa naupika saa kumi usiku. Ulezi, mchele, karanga za kusaga. Sukari haikuwemo, maana nilikuwa nimeipiga marufuku mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya nne ya mionzi ya kensa ya mlango wa kizazi. Kati ya vipindi 25 alivyopangiwa, siku hiyo tulikuwa tunakwenda cha 17. Alianza na kilo 58. Ijumaa iliyotangulia mizani ya kliniki ilisoma 52, na sista aliponiuliza nilimjibu bila kusita: "Anakula vizuri, bakuli linarudi tupu kila siku."

Nilirudi ndani bila maji.

## Ujumbe wa rafiki

Hayo ni ya mwaka jana. Nisingeyaandika kama si ujumbe ulioingia kwenye simu yangu yapata mwezi sasa. Rafiki yangu ambaye mama yake anaanza mionzi ya nyonga aliniandikia: "Nakumbuka ulikuwa na orodha ya vyakula ambavyo mgonjwa hatakiwi kula. Nirushie."

Ninayo kweli. Bado imo kwenye simu, na najua imeshafika kwenye simu nyingine nyingi nisizozijua. Niliitafuta, nikaipata, kidole kikagoma kuituma. Tangu siku hiyo nimeandika jibu mara nne na kulifuta.

Orodha ile haikuwa na mwandishi mmoja. Ilizaliwa kwenye kundi la ukoo. Shemeji alianza na nyama nyekundu. Binamu aliyeko Muscat alituma video ya mtu anayesema sukari ndiyo chakula cha kensa. Jirani akaleta maharage, kwamba yanajaza gesi. Mwingine mayai. Mwingine dagaa, kwa ajili ya chumvi. Maziwa, nyanya, machungwa, pilipili, nazi, karibu kila kitu chenye rangi. Mimi nikaongeza dona na mboga zote za majani, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba anayepigwa mionzi ya nyonga aepuke nyuzinyuzi. Pembeni yake kulikuwa na orodha ya pili, ya vitu vya kunywa: maji ya majani ya mstafeli, unga wa mlonge, juisi ya bitiruti.

Kila kilichokatazwa kilikuwa na sababu yake. Hakuna aliyekaa akajumlisha kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa wali mweupe, chai ya rangi, na uji ule niliokuja kuukuta kwenye shina la mpapai.

## Tumbo lilipoanza

Wiki ya kwanza na ya pili zilipita kimya, tukaanza kusema mionzi ni kitu chepesi. Wiki ya tatu ndiyo ilifungua mlango. Mara nne kwa siku, mara sita, kisha tukaacha kuhesabu. Tumbo kusokota. Haja inamshika, anakwenda, hakuna kitu, anarudi, inamshika tena.

Mjomba mmoja alisema tusimpe dawa ya kuzuia, kwamba huo ni uchafu wa kensa unatoka, uache utoke wote. Alisema kwa upole na kwa nia njema, na sote tuliitikia. Nimelirudia sana neno lake kichwani, kwa sababu linaeleweka kirahisi na linafariji, na ni neno la hatari.

Aliyenieleza vizuri ni sista mmoja wa chumba cha mionzi, baada ya siku ile ya mpapai, nilipokiri kwamba bakuli lilikuwa linarudi tupu kwa njia nyingine. Aligeuza kadi ya miadi akachora kwa kalamu. Huu mlango wa kizazi. Mbele yake kibofu, nyuma yake njia ya haja kubwa, na huku juu utumbo mwembamba unashuka na kulala humohumo ndani ya nyonga. Mionzi inalenga ugonjwa, lakini majirani hawana pa kukimbilia.

"Ndiyo maana tunawaambia wanywe maji na wasiende haja ndogo kabla ya kuingia," alisema. "Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo juu, unatoka njiani."

Wiki nne nilikuwa nambebea chupa ya maji bila kujua inafanya kazi gani. Na kuna siku tatu au nne ambazo Mama Mkubwa alikwenda chooni dakika tano kabla ya kuitwa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa nini ajibane. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Mimi ndiye ningeuliza.

Ngozi ya ndani ya utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na mionzi huziumiza zaidi chembe zinazogawanyika haraka. Zile za zamani zinapuputika kama kawaida, za kuziba nafasi hazizaliwi. Kwa hiyo maumivu hayaji siku ya kwanza, huja wiki ya pili au ya tatu, akiba ikishaisha. Vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vinafupika. Uwezo wa kusaga sukari ya maziwa unapungua, na wengi wetu watu wazima wa ukanda huu hatukuwa nao wa kutosha tangu mwanzo, ndiyo maana kikombe cha maziwa mabichi kinaweza kumkimbiza mgonjwa ilhali mtindi unatulia. Halafu kuna nyongo. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 95 ya chumvi za nyongo hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Sehemu hiyo ikiumia, nyongo inateremka hadi utumbo mpana, inauchokoza na kuvuta maji.

Kwa hiyo kinachotoka ni maji ya mwili wake na chumvi za mwili wake, pamoja na kile chakula kidogo alichokubali kumeza. Ugonjwa hautoki kwa njia hiyo. Na Mama Mkubwa alikuwa anapewa sisplatini mara moja kwa wiki, dawa ya kensa ambayo inaweza kuziumiza figo, hasa za mtu aliyekaukiwa maji. Sikulala vizuri usiku nilipoyaunganisha hayo mawili.

## Nilipouliza

Sikumuuliza asubuhi ile. Nilimwonea aibu, au nilijionea aibu mwenyewe, sijui ipi ilitangulia. Nilimuuliza kesho yake usiku, nikimkanda miguu.

"Mama Mkubwa, uji nauharibu wapi?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala.

"Huuharibu, mwanangu. Nikila, nakwenda. Nisipokula, nakaa."

Kisha akasema yote, akitazama ukuta. Kwamba ndani ya daladala tumbo likimshika atamwambia nani asimamishe gari. Kwamba mara moja hakuwahi, akavua kanga ya juu akaikalia hadi tukafika, na mimi nilikuwa kiti cha mbele nachezea simu. Na kwamba udhu haukai. Anatawadha, kabla hajafika kwenye mkeka umetenguka. Anatawadha tena. Maji ya ndoo yanaisha, wakati unapita. Akishinda na njaa, anaipata alfajiri yake na adhuhuri yake.

"Kensa imenichukulia mengi," alisema. "Swala sikuitaka ichukue."

Kumbe naye alikuwa na orodha yake. Ilikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni chakula chote.

Nilikuwa nimeshindana na kichefuchefu, na ladha, na gesi. Nilikuwa nimesaga karanga mara mbili ziwe laini zaidi. Kumbe chakula hakikuwa na tatizo lolote alilonificha. Alikuwa anafanya hesabu, na kwa hesabu yake njaa ilikuwa nafuu.

Siku ya pili nilimwendea mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, mwanamke mtu mzima, nikamweleza huku nimeinamisha uso. Alikuja jioni. Wakafunga mlango. Nilisikia sauti zao, za chini, kwa muda mrefu. Alipotoka aliniambia alichomwambia: asiyeweza kuzuia ana udhuru. Ajisafishe, ajistiri kwa kitambaa, atawadhe wakati ukishaingia, aswali bila kuchelewa, na kitakachotoka katikati hakimvunjii swala yake.

"Nilijua la damu ya ugonjwa," Mama Mkubwa aliniambia baadaye. "Nimewafundisha wanawake wenzangu. Sikujua na hili ni hilohilo."

Usiku ule alikula viazi vilivyopondwa na kipande cha changu wa kuchemsha. Alikula taratibu, akapumzika, akarudia.

## Nyuzinyuzi

Baada ya hapo nilianza kuitilia shaka orodha nzima, na shaka iliniuma zaidi kwa kile nilichokiongeza mimi.

Ushauri wa kuepuka nyuzinyuzi wakati wa mionzi ya nyonga ni wa miaka mingi, na una mantiki yake: tumbo limeumia, usilitwishe makapi. Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali ya Royal Marsden ya London. Wagonjwa 166 wa mionzi ya nyonga waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilikula nyuzinyuzi kidogo, zisizozidi gramu 10 kwa siku. La pili liliendelea na mazoea yake. La tatu lilipanda hadi gramu 18 au zaidi. Mwisho wa matibabu hao wa kundi la tatu waliteseka na tumbo kidogo kuliko walioendelea na mazoea yao, na mwaka mmoja baadaye bado walikuwa na nafuu kuliko hao; walionyimwa hawakuonyesha faida ya kunyimwa.

Nilisoma mara tatu. Kisha nilikwenda kumtazama Mama Mkubwa aliyelala, na mchicha niliomnyima ukinijia machoni.

Naomba nisieleweke vibaya. Utafiti ule haumpi mtu ruhusa ya kumlisha mgonjwa anayeendesha mara tisa sahani ya maharage na dona. Wale walianza mapema na kupanga kiasi, wakiwa na wataalamu wa lishe. Walikuwa pia watu wa London, wenye vyakula vyao. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa peke yake kinapita gramu 10, kwa hiyo mtu wa kwetu anayekula kawaida yake yuko mbali sana na lile kundi la kwanza hata asipojaribu. Mtu mwenye utumbo uliosinyaa na kubana ana masharti yake mengine kabisa, na hayo ni ya daktari. Ninachosema ni kwamba kumfungia mgonjwa mboga zote tangu siku ya kwanza, kwa kujihami, kuna gharama, na mimi niliilipisha kwa mwili wa mtu mwingine.

Kuhusu sukari sina la kuzungusha. Sikupata ushahidi kwamba kuitoa sukari kwenye uji kunainyima kensa chakula. Niliona kwa macho kwamba kunamnyima mgonjwa hamu.

## Daftari

Sista alitaka vitu viwili kutoka kwangu: uzito wa kila wiki, na daftari. Alichokula, mara ngapi amekwenda, amekojoa vipi. Basi. Nilitegemea angenipa karatasi ndefu.

Daktari aliandika vidonge vya loperamidi, vya kuzuia kuharisha, na kumwelekeza namna ya kuitumia, akawa ananywa kimoja kabla hatujatoka nyumbani. Kidonge kile kilimrudishia safari ya daladala. Tulinunua pakiti za ORS, za kurudisha maji na chumvi mwilini, na zilipoisha usiku tukatengeneza ile ya nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chupa za mstafeli na mlonge tuliziweka kando hadi matibabu yaishe.

Mwongozo wa kawaida kwa mgonjwa wa saratani ni protini gramu moja hadi moja na nusu kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 52, hiyo ni gramu 52 hadi 78 kwa siku. Yai moja lina kama sita. Ndipo nilipotambua jinsi wali mweupe na chai ya rangi vilivyokuwa mbali. Mayai yakarudi, mawili kwa siku, moja likikorogwa ndani ya uji unaochemka ambao sasa ulikuwa na sukari. Samaki wa mchuzi mwepesi. Mtori wa ndizi alioujua kwa jirani yetu Mchaga, akaupenda kuliko vyote. Mtindi wa dukani, baada ya kumuuliza daktari kwanza, kwa sababu chembe za kinga kwenye damu yake zilikuwa zinashuka na sikutaka maziwa yaliyogandishwa nisikokujua. Mchicha ukarudi kidogokidogo, ukiwa umepikwa hadi ukalegea. Sahani ndogo, mara sita, hata saa tano usiku.

Wiki iliyofuata mizani ilisoma 51. Iliyofuata, 51. Iliyofuata, 51 na nusu.

Hakunenepa. Alisimama.

Na hakukosa kipindi hata kimoja. Hilo nalitaja kwa sababu sikujua umuhimu wake wakati ule. Kwa saratani hii, mionzi ya nje na ile ya ndani, inayoingizwa kwa kifaa, inatakiwa imalizike yote ndani ya wiki nane hivi, na kila siku inayoongezeka hapo inapunguza nguvu ya tiba. Mgonjwa aliyeishiwa maji hadi akalazwa na kusimamishiwa mionzi anapoteza zaidi ya kilo. Kwa hiyo damu kwenye choo, homa, kizunguzungu au mkojo kupungua havikuwa vya kuandika daftarini tukasubiri Ijumaa. Hivyo vilikuwa vya kukimbia hospitali siku hiyohiyo.

## Mionzi imeisha

Nilidhani hadithi ingeishia hapo. Ndani ya mwezi mmoja na nusu tumbo lilitulia, akarudi kwake Tanga, kundi la ukoo likajaa shukrani, na watu wakahamia kwenye harusi.

Mwezi wa sita akaanza tena. Si kama mwanzo. Akila wali wa nazi au kitu cha kukaanga, ndani ya saa moja anatafuta choo. Aliacha kwenda maulidi. Aliacha kulala kwa watu. Sikuambiwa, niliambiwa na mjukuu wake. Nilipompigia alisema, "Ndio ukubwa, mwanangu."

Madhara ya mionzi kwenye utumbo yalishaandikwa na daktari wa Uingereza mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Röntgen kugundua eksirei. Zaidi ya miaka 120 baadaye mwanamke wa Tanga anayaita uzee. Hili ndilo linalonikera kuliko hata orodha yangu, kwamba yale yanayobaki baada ya tiba hayana jina kwetu, na kisicho na jina hakipelekwi kliniki. Ilhali mengi yana tiba. Nyongo isiyonyonywa ina dawa yake, na kupunguza mafuta kunasaidia. Bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba wana dawa yao. Upungufu wa vitamini B12 unapimwa kwa damu na kurekebishwa kwa sindano. Kubana kwa utumbo ni jambo jingine tena. Dalili zinafanana, sababu ni tofauti, na huwezi kujua ni ipi kwa kuvumilia.

Mwaka 2013 London hiyohiyo walichapisha utafiti wa wagonjwa 218 wenye matatizo ya tumbo baada ya mionzi ya nyonga. Waliofuatiliwa kwa mwongozo wa hatua kwa hatua walipata nafuu kuliko walioachiwa kijitabu cha maelezo, na muuguzi aliyefunzwa kuutumia mwongozo ule alifanya kazi sawa na daktari bingwa wa tumbo. Nilimfikiria sista wetu na ile kadi ya miadi. Mabingwa wa tumbo ni wachache sana kwetu. Masista tunao.

Mama Mkubwa ana miadi mwezi ujao. Tutakwenda na swali la nyongo na swali la B12, yameandikwa.

Rafiki yangu nimemjibu jana. Orodha sikumtumia. Nimemuuliza mama yake ana kilo ngapi leo, anakwenda choo mara ngapi, na kama kuna mtu aliyekaa naye peke yao akamuuliza anaogopa nini. Baada ya saa nzima akanijibu: "Kilo sijui. Hayo mengine siwezi kumuuliza mama." Nikampigia, tukazungumza hadi usiku.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga. Daftari lile nilidhani lilitupwa zamani. Nimelikuta limening'inizwa msumarini jikoni, kalamu imefungwa kwa uzi, limejaa hadi kurasa za nyuma. Mwandiko si wangu tena. Nimefungua ukurasa wa mwisho:

*Jumatatu. Wali wa nazi kidogo, changu, mchicha. Mara tatu. Swala zote.*